Je, bado tuna sababu ya kukesha kwa ajili ya India na Pakistan?

Mkazi wa Naguru (Kampala)

Ndugu wapenzi wa kriketi, nawasalimu nyote.

Naleta swali ambalo huzua ubishi kila India inapokutana na Pakistan, na ambalo majibu yake hayajaniridhisha hata siku moja. Je, mpambano huo bado unastahili kuitwa upinzani mkubwa kuliko wote katika kriketi? Na sisi wa Uganda, tunaokesha kuutazama na kuugombania kana kwamba tuna mjomba Lahore na shangazi Mumbai, ari hiyo tunaipata wapi, ilhali timu yetu inapocheza na jirani zetu kama Kenya pale uwanja wa Lugogo, Kampala, viti vingi hubaki vitupu?

Msimamo wangu ni kwamba upinzani wa kweli unahitaji mambo mawili: timu zikutane mara kwa mara, na kila moja iwe na uwezo wa kuishinda nyingine. India na Pakistan zimepungukiwa na yote mawili. Mechi yao ya mwisho ya siku tano ilichezwa mwaka 2007, na tangu ziara ya Pakistan nchini India iliyomalizika Januari 2013 hawajatembeleana kwa mfululizo wowote wa mechi. Wanakutana tu pale ratiba ya mashindano makubwa inapowalazimisha, na hata hapo mara nyingi ni katika nchi ya tatu. Kuhusu ushindi, katika Kombe la Dunia la ova 50 (ova moja ni mipira sita) wamekutana mara nane kuanzia 1992 hadi 2023 na India imeshinda zote nane. Katika Kombe la Dunia la ova 20, hadi lile la 2024, Pakistan ilikuwa imeshinda mara moja tu, Dubai mwaka 2021, pale Babar Azam na Mohammad Rizwan walipofikisha mikimbio 152 (mikimbio ndiyo alama za kriketi) bila kupoteza wiketi hata moja, yaani bila mpigaji yeyote kutolewa. Ilikuwa kazi safi sana, lakini siku moja haiwezi kubeba sifa ya miaka thelathini.

Tena tazameni yaliyotokea katika Kombe la Asia la Septemba 2025. Timu hizo zilikutana mara tatu katika wiki tatu, India ikashinda zote, wachezaji hawakupeana mikono, na baada ya fainali India ikakataa kupokea kombe kutoka kwa Mohsin Naqvi, ambaye ni mwenyekiti wa bodi ya kriketi ya Pakistan, rais wa baraza la Asia na waziri wa serikali ya nchi yake kwa wakati mmoja. Tilak Varma alikuwa amecheza kwa utulivu mkubwa akafikisha 69 bila kutolewa na kuipa timu yake ushindi, lakini asubuhi yake hapa Kampala sikumsikia mtu aliyemtaja. Kila mmoja alizungumzia kombe lililoondoka uwanjani bila kukabidhiwa. Upinzani unapofikia hatua ambayo mpigaji bora wa siku anasahauliwa kabla jua halijachomoza, kilichobaki ni siasa iliyovaa jezi.

Upande wetu je? Novemba 2023, kule Windhoek, Uganda iliifunga Zimbabwe, nchi yenye hadhi ya kucheza mechi za siku tano, kwa wiketi tano huku ikibakiza mipira mitano. Ikaifunga Kenya pia, na hatimaye Rwanda, ikapata tiketi ya Kombe la Dunia la 2024 pamoja na Namibia, na Zimbabwe ikabaki nyumbani. Mechi yetu na Papua New Guinea ilianza saa nane na nusu za usiku kwa saa zetu. Baa moja niliyokwenda ilikuwa na runinga tano, na mhudumu akanieleza kwa upole kwamba zote zimewekwa marudio ya soka ya Uingereza na wateja wasingependa zibadilishwe. Wateja wenyewe walikuwa wawili, na mmoja alikuwa amelala.

Basi naomba maoni yenu. Ni upinzani gani wa kimataifa ambao kwenu ndio wenye uzito wa kweli, na kwa nini? Na kama kuna anayetaka kunikumbusha kwamba katika mashindano hayo hayo tulitolewa wote kwa mikimbio 39 mbele ya West Indies, nalikumbuka vyema. Atueleze basi linamaanisha nini.

Mzee wa Jinja

Mwanangu wa Naguru, umeuliza vizuri, ila umeuchukulia upinzani wetu na Kenya kana kwamba umekuwapo siku zote kwa uzani ulio sawa, na hilo sikubaliani nalo.

Kwanza kabisa, zamani hatukuwa wapinzani, tulikuwa timu moja. Kombe la kwanza la Dunia, mwaka 1975 kule Uingereza, lilichezwa na timu iliyoitwa Afrika Mashariki, yenye wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah. Miongoni mwa waliotoka kwetu walikuwamo Sam Walusimbi na John Nagenda, ambaye watu wengi baadaye walimfahamu zaidi kama mwandishi na mshauri wa Rais. Walipoteza mechi zote tatu. Glenn Turner wa New Zealand aliwapiga mikimbio 171 peke yake bila kutolewa. India nayo iliwafunga kwa wiketi kumi, na huo ndio ulikuwa ushindi wa kwanza kabisa wa India katika Kombe la Dunia. Vijana wanaoishabikia India hapa Kampala wajue kwamba safari ya timu yao ilianzia mgongoni mwetu.

Miaka mitatu tu kabla ya hapo, Waasia walikuwa wamefukuzwa nchini. Kriketi ya Uganda ilikuwa imesimama kwa sehemu kubwa juu ya vilabu vyao, fedha zao na viwanja walivyovitunza, na walipoondoka mchezo ulibaki mikononi mwa shule chache, kama Busoga College Mwiri ya huku kwetu na King's College Budo. Kenya haikupitia pigo hilo. Kwa hiyo tulipofika miaka ya tisini, Kenya ilikuwa kaka mkubwa aliyekwisha kuoa, nasi tungali tunatafuta viatu. Tarehe 29 Februari 1996, kule Pune, Kenya ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikaitoa West Indies yote kwa 93, na Maurice Odumbe akachukua wiketi tatu huku akitoa mikimbio 15 tu. Kumbuka kwamba mpigaji mashuhuri Brian Lara alikuwa katika timu ile iliyofungwa. Mwaka 2003, chini ya Steve Tikolo, Kenya ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Watu husema ilibebwa na New Zealand kukataa kwenda Nairobi kwa sababu za usalama, na ni kweli kwamba pointi hizo zilisaidia. Lakini Sri Lanka ilikwenda Nairobi na ikafungwa, Collins Obuya akichukua wiketi tano kwa mipira yake ya kuzunguka, na Zimbabwe na Bangladesh zilifungwa vilevile. Hizo hazikuwa zawadi.

Katika miaka hiyo, Mganda aliyesema kwamba Kenya ni mpinzani wake angechekwa. Tuliwashangilia, na mimi sioni aibu kusema hivyo. Kilichofuata ndicho kinachogusa hoja yako. Kenya baada ya 2003 haikupewa mechi za kutosha dhidi ya timu kubwa, viongozi wake wakagombana wenyewe kwa wenyewe, kizazi cha akina Tikolo kikazeeka bila warithi, na mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za ova 50. Sisi tukapanda polepole huku wao wakishuka, na tukapishana ngazini. Upinzani ulioanza hapo ni wa watu wawili wanaokutana katikati ya ngazi, mmoja akienda juu na mwingine akienda chini. Una hisia kali, hilo nakubali, lakini bado ni mchanga mno kuweza kuulinganisha na ule wa Uingereza na Australia, ambao umekuwa ukihesabiwa tangu 1882.

Ukiniuliza mimi, huo wa Uingereza na Australia ndio upinzani mkubwa, na sababu yake ni ratiba. Wanajua kwamba mwaka fulani watakutana, mechi tano, kila moja ya siku tano, na mtoto anayezaliwa leo Sydney anaweza kuhesabu ni lini atakapoitazama ya kwanza. Aliyefungwa anaruhusiwa kungoja, na kungoja huko ndiko kunakoukuza uadui mtamu wa michezo. Mwaka 2019, pale Headingley, Uingereza ilitolewa yote kwa mikimbio 67 katika zamu ya kwanza, kisha Ben Stokes akafikisha 135 bila kutolewa katika zamu ya pili, akiongeza 76 pamoja na mchezaji wa mwisho, Jack Leach, ambaye katika hizo 76 alipata mkimbio mmoja tu. Mkimbio huo mmoja wa Leach hadi leo Waingereza wanausimulia.

Dada wa Entebbe

Mzee wangu, historia umeitendea haki. Wewe Mkazi wa Naguru, hata hivyo, umeidhulumu mechi ya India na Pakistan kwa kuihukumu kwa kuhesabu nani alishinda bila kutazama alishinda vipi.

Fainali ya 2007 ya ova 20 iliamuliwa kwa mikimbio mitano. Mwaka 2024 kule New York, India ilitolewa yote kwa 119 na watu wakaanza kuandaa salamu za pongezi kwa Pakistan, kisha Jasprit Bumrah akachukua wiketi tatu kwa mikimbio 14 na Pakistan ikakwama kwenye 113. Na ile ya Melbourne, Oktoba 2022, sijui kama kuna mpenzi wa mchezo huu aliyeitazama akabaki amekaa. India ilikuwa inatafuta mikimbio 160 na ilikuwa imekwisha kupoteza wiketi nne kwa 31. Ikabaki mipira minane, ikihitajika mikimbio 28, na mrushaji alikuwa Haris Rauf, aliyekuwa amerusha vizuri kuliko wote usiku ule. Rauf akarusha mpira mfupi uliopunguzwa kasi, ukainuka kufikia karibu na mbavu, aina ya mpira ambao mpigaji wa kawaida huuvuta upande au huuacha upite. Virat Kohli alisimama wima, uzito wote ukiwa mguu wa nyuma, akaupiga moja kwa moja juu ya kichwa cha mrushaji mwenyewe ukavuka mpaka. Nimeirudia picha hiyo polepole, nikitazama mikono tu, na bado sielewi nguvu ilitoka wapi, kwa sababu mwili haukusogea mbele hata kidogo. Mpira uliofuata aliugeuza tu kwa kukunja viwiko vya mikono, ukaruka mpaka upande wa nyuma, na ukawa sita nyingine. Alimaliza na 82 kwa mipira 53 na India ikashinda kwa mpira wa mwisho.

Sasa niambie, kama huo si upinzani, ni nini kilichomfanya mtu aliyekuwa amecheza mechi mia kadhaa za kimataifa atokwe na machozi uwanjani? Wachezaji wa pande hizo mbili huubeba mzigo wa watu zaidi ya bilioni moja na nusu, na chini ya mzigo huo hata wazuri hulegea. Fainali ya Kombe la Mabingwa ya 2017 ni mfano: Fakhar Zaman alidakwa akiwa na mikimbio mitatu tu, ikaonekana kwamba Bumrah alikuwa amekanyaga nje ya mstari, mpira ukabatilishwa, na Fakhar akaendelea hadi 114. Pakistan ikashinda kwa mikimbio 180. Nusu ya kiatu iliamua kombe. Mechi ya namna hiyo nitaikeshea hata kama timu hizo zitakutana mara moja katika miaka mitano.

Nakubaliana nawe katika jambo moja, kwamba siasa imeichafua. Kutopeana mikono kuliniudhi, na kuliniudhi zaidi kwa sababu tumeona picha za Kohli na Babar wakizungumza kama ndugu miaka michache tu iliyopita.

Ila kuna jambo ambalo ninyi wanaume wote wawili mmelipita. Mnatafuta upinzani wa Afrika Mashariki wenye ratiba ya kuaminika, na upo tayari, kwa wanawake. Tangu 2014, mashindano ya Kwibuka yanayofanyika Rwanda kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari yamekuwa yakiikutanisha timu yetu ya Victoria Pearls na wenyeji, na katika miaka mbalimbali na Kenya na Tanzania pia. Wachezaji wanafahamiana kwa majina na kwa udhaifu. Anajulikana nani haupendi mpira wa kuzunguka na nani hukimbia kabla ya kuitwa. Watu wengi wanayajua mashindano hayo kwa ile mechi ya Juni 2019 pekee, ambapo Uganda ilipata mikimbio 314 kwa wiketi mbili, Prosscovia Alako na Rita Musamali wakivuka mia moja kila mmoja, kisha Mali ikatolewa yote kwa 10. Habari ikazunguka dunia kama kichekesho. Mimi sikuifurahia. Mali ilikuwa imepelekwa kujifunza ikageuzwa mzaha, ilhali katika mashindano yale yale zilichezwa mechi za jirani kwa jirani ambazo hakuna aliyeziandika.

Mwalimu wa Busia

Nawasalimu wote. Nafundisha karibu na mpaka, ambako nusu ya wanafunzi wangu wana ndugu upande wa Kenya, kwa hiyo suala la upinzani huu nalisikia darasani kila wiki. Nitajibu kwanza lile la mikimbio 39, kwa sababu naona kila mtu amelikwepa kwa adabu.

Tarehe 8 Juni 2024, kule Guyana, West Indies ilipata 173, kisha Akeal Hosein akachukua wiketi tano kwa mikimbio 11 na sisi tukamaliza ndani ya ova 12. Ni Juma Miyagi peke yake aliyefikisha tarakimu mbili. Tuliifikia rekodi ya Uholanzi ya 2014 ya mikimbio michache zaidi katika Kombe la Dunia la ova 20, na siku chache baadaye New Zealand ikatutoa kwa 40. Mtu akisema hilo halikuumiza, anajidanganya. Lakini tarehe 19 Desemba 2020, kule Adelaide, India, yenye Kohli na Pujara na Rahane, ilitolewa yote kwa 36, na hakuna hata mpigaji mmoja aliyefikisha kumi. Kohli akarudi nyumbani kwa ajili ya kuzaliwa kwa mtoto wake, warushaji wakaumia mmoja baada ya mwingine, na tarehe 19 Januari 2021, mwezi mmoja kamili baadaye, India hiyo hiyo ikaifunga Australia pale Gabba, uwanja ambao Australia haikuwa imepoteza mechi ya siku tano tangu 1988. Rishabh Pant alimaliza na 89 bila kutolewa.

Tofauti yetu na wao haiko katika zile 36 na 39. Iko katika kilichofuata. India ilikuwa na mechi nyingine baada ya wiki moja, na nyuma ya kila aliyeumia kulikuwa na kijana aliyelelewa kwa miaka katika timu ya pili. Sisi baada ya New Zealand tulirudi nyumbani, nahodha Brian Masaba akaachia unahodha, na hatukuwa na mechi ya kurudiana na mtu yeyote wa ngazi ile. Alama kama hiyo humwumiza zaidi asiye na nafasi ya kuifuta. Ndiyo maana hoja ya Mkazi wa Naguru kuhusu kukutana mara kwa mara naiunga mkono, ingawa naona ameielekeza mahali pasipo pake. India na Pakistan hawahitaji ushauri wetu.

Sisi ndio tunaouhitaji. Chukueni ligi ya ova 50 ya daraja letu. Katika ligi ya awali Uganda na Kenya zilikuwa kundi moja. Katika ile iliyoanza 2024 Kenya iliwekwa kundi A na sisi kundi B pamoja na Tanzania, Italia, Hong Kong, Bahrain na Singapore. Mwanafunzi wangu anayetaka kuona Uganda ikipambana na Kenya katika mechi ndefu yenye pointi hana pa kuiona, lakini anaweza kuiona Uganda na Bahrain. Sina neno baya juu ya Bahrain, ila hakuna mtoto wa Busia mwenye binamu huko.

Nina jambo jingine, na hili huenda likamfurahisha Dada wa Entebbe. Kuna watu wanaolalamika kwamba timu yetu imejaa wachezaji waliozaliwa nje. Riazat Ali Shah alizaliwa Gilgit, upande wa Pakistan. Alpesh Ramjani na Dinesh Nakrani walizaliwa India. Malalamiko hayo mimi huyajibu kwa kumtaja Ben Stokes, aliyezaliwa Christchurch na kisha akaisaidia Uingereza kuifunga New Zealand katika fainali ya Kombe la Dunia ya 2019 pale Lord's, ile iliyoamuliwa kwa hesabu ya mipira iliyofika mpakani baada ya ova ya ziada nayo kwisha sare. Hakuna Mwingereza aliyemrudishia kombe. Ramjani alichukua wiketi 55 za kimataifa za ova 20 mwaka 2023, nyingi kuliko mchezaji mwingine yeyote duniani mwaka huo, na jina lake likawekwa katika orodha ya wanne waliowania tuzo ya Baraza la Kimataifa la Kriketi pamoja na Suryakumar Yadav na Sikandar Raza. Na siku tulipoifunga Zimbabwe kule Windhoek, wapigaji wawili waliotubeba walikuwa Riazat, mzaliwa wa Pakistan, kwa mikimbio 42, na Ramjani, mzaliwa wa India, kwa 40. Anayetaka kuziona India na Pakistan zikipeana mikono aje Lugogo, hana haja ya kwenda Dubai.

Mkazi wa Naguru (Kampala)

Nawashukuru nyote kwa majibu yenye uzito.

Dada wa Entebbe, ile ya Melbourne niliitazama nami nikasimama kama wewe. Lakini umeeleza mechi nzuri, na mechi nzuri inaweza kuchezwa na timu zozote mbili. Zimbabwe iliifunga Pakistan kwa mkimbio mmoja kule Perth siku nne tu baadaye, Sikandar Raza akichukua wiketi tatu, na hakuna aliyesema kwamba kuanzia siku ile Zimbabwe na Pakistan ni wapinzani wa jadi. Naendelea kusimama pale pale.

Mzee wa Jinja, hoja yako ya ratiba ndiyo iliyonigusa zaidi, na ninaiongezea jambo moja. Mnamo Septemba na Oktoba 2025 kule Harare, katika mashindano ya kutafuta nafasi mbili za Afrika katika Kombe la Dunia la 2026, Zimbabwe na Namibia ndizo zilizofuzu. Nafasi nyingine mbili za nusu fainali zilijazwa na Kenya na Tanzania. Sisi tuliokuwa Kombe la Dunia mwaka mmoja tu kabla hatukufika hata hapo. Kwa hiyo ngazi uliyoisema imekwisha kubadilika tena, na safari hii tunapishana na wawili. Nadhani mpinzani wetu wa miaka kumi ijayo ni Tanzania, wala si Kenya, na sioni mtu anayejiandaa kwa hilo.

Swali langu la mwisho ni kwako, Mwalimu. Ukipewa saa tatu na runinga moja shuleni, na wanafunzi ambao hawajawahi kutazama mechi nzima ya kriketi, utawaonyesha ipi?

Mzee wa Jinja

Kabla Mwalimu hajajibu, kuhusu Tanzania nasema usiwaharakishe. Wameifikia nusu fainali moja. Kenya ilifika nusu fainali ya dunia na tumeona kilichofuata. Hata hivyo, hilo lisitufanye tuwadharau. Mcheza kwao hutunzwa, na Watanzania sasa wanawatunza wachezaji wao kuliko tunavyowatunza wetu.

Mwalimu wa Busia

Nitawaonyesha Uganda na Papua New Guinea, ya mwaka 2024, bila kukata chochote. Najua wengi wangechagua Gabba au Headingley, lakini mwanafunzi wa kwetu akiiona Gabba hujifunza kwamba kriketi ni mchezo wa watu wengine wanaoujua sana.

Katika mechi hii atamwona Frank Nsubuga, mwenye umri wa miaka 43, akirusha ova nne na kutoa mikimbio minne tu, wiketi mbili. Hakimbii sana kabla ya kurusha, hana kasi, na mkono wake haufichi siri yoyote inayoonekana. Anautua mpira mahali pale pale hadi mpigaji anachoka kungoja kosa ambalo haliji. Kwa siku chache hakuna aliyekuwa amerusha ova zake zote nne katika Kombe la Dunia la ova 20 kwa kutoa mikimbio michache kuliko hiyo, hadi Lockie Ferguson wa New Zealand aliporusha zake nne dhidi ya timu hiyo hiyo bila kutoa hata mmoja.

Kisha watauona upande wa pili, ambao si wa kujivunia. Tulihitaji mikimbio 78 tu na tukapoteza wiketi tano kabla ya kufika 30. Hapo ndipo nitakapoisimamisha picha na kuwauliza wangefanya nini, kwa sababu wengi watajibu kwamba wangepiga kwa nguvu wamalize haraka. Riazat alitumia mipira 56 kupata mikimbio 33. Katika kriketi ya ova 20 hesabu hiyo kwa kawaida huzomewa, lakini ndiyo iliyotupa ushindi wetu wa kwanza katika Kombe la Dunia, kwa wiketi tatu, kukiwa kumebaki mipira kumi.